Vinyonga Walioitwa Simba

Mwaka 2008 kambi ya wakimbizi ya Lukole ilifungwa. Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, walikuwa wameishi hapo Ngara, Tanzania, zaidi ya miaka kumi. Wengi walirudi kwao, na waliobaki wakahamishiwa Mtabila, Kasulu. Vilima viliachwa vipara. Umati ule ulipika kwa kuni mwaka baada ya mwaka, na jirani yao, katika kambi ya Benaco, walikuwa wamepita Wanyarwanda, ambao robo milioni hivi walivuka daraja la mpakani la Rusumo kwa siku moja mwishoni mwa Aprili 1994. Kilichosalia Lukole ni misingi ya nyumba za udongo, makaburi, vipande vya turubai, na madebe ya mafuta ya msaada yaliyokwisha kushika kutu.

Wanyama walirudi mmoja mmoja. Walitangulia swala, wakafuata ngiri, kisha nyani waliokuwa wamejibana katika pori la Burigi miaka yote ile wakisubiri moshi upungue. Walikuta uwanja mpana usio na mwenyewe. Aliyekaa kimya muda mrefu akipata uwanja hutamani kucheza, ila muziki ndio haukuwapo.

Ndipo walipofika vinyonga wawili, ndugu wa tumbo moja, kwa barabara itokayo Biharamulo. Walikuwa wametoka mbali, upande wa pwani, walikojifunzia muziki katika bendi za watu. Kila walikopita walikuta vyombo vina mwenyewe, na mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani apige na nani akae. Mkubwa alikuwa na vidole vyepesi na sauti ya kubembeleza. Mdogo alikuwa na maneno: akikaa chini ya mti kidogo tu, anainuka na wimbo kamili, ubeti na kiitikio. Hapo Lukole waliokota debe la mafuta, wakalitoboa, wakalitia shingo ya ubao wa mkaratusi na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki za baiskeli. Likawa gitaa. Kwa mara ya kwanza maishani walikuwa na chombo chao wenyewe, na wakalala wamelikumbatia.

Gitaa moja halijazi uwanja. Walimtafuta Kobe wakampa besi, naye akaipiga kama anavyotembea, noti moja baada ya nyingine, bila papara na bila kukosea. Walimpata Kigong'ota, ambaye alishazoea kugonga miti tangu alfajiri, wakamkalisha nyuma ya mapipa matatu matupu. Halafu wakamchukua Nyenje apige rithim.

Hapa kwa Nyenje nitakaa kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka kwake. Katika muziki wetu wa dansi mpiga solo ndiye anayeonekana. Hupanda juu, hulia, hushuka, na watu humfuata mezani kumtunza. Mpiga rithim hana safari kama hiyo. Yeye hushika kifungu kifupi cha noti chache, akakirudia, akakirudia tena, na kila akikirudia hukibana kidogo au kukilegeza kidogo, kiasi kwamba sikio halioni badiliko ila mguu unaliona. Nyenje alikuwa ameanza kazi hiyo kabla ya bendi kuwapo. Usiku mzima, tangu jua kuzama, alikuwa akirudia kifungu chake kimoja kwenye majani, na hakuna aliyewahi kusema amechoka kumsikia. Alipopewa gitaa alilishika kiwimawima, akainamisha kichwa, akaanza. Vinyonga walitazamana. Mkubwa akaingiza solo juu yake, na kwa mara ya kwanza solo ile ilikuwa na mahali pa kukanyaga.

Suala la jina lilizungumzwa usiku mmoja tu.

"Tukijiita Vinyonga," alisema mkubwa, "nani atatoa kiingilio?"

"Tujiite Simba," alisema mdogo. "Simba wa Lukole."

"Simba yuko wapi kati yetu?" aliuliza Kobe.

"Atakuja na jina," alijibu mdogo.

Jumamosi ya kwanza kipande cha turubai kilitundikwa kwenye njia panda, kimeandikwa kwa mkaa: SIMBA WA LUKOLE, VINYONGA NDUGU NA WENZAO. Kigong'ota alikisoma mara mbili. Akasema afadhali wametajwa.

Sifa zilikwenda haraka kuliko wao. Viboko walipanda kutoka mto Kagera. Tohe walikuja kwa makundi kutoka pori la Kimisi. Wengine walivuka mto Ruvubu usiku, wakacheza, wakavuka tena kabla ya kupambazuka. Kiingilio kilikuwa debe la mtama au mkungu wa ndizi, na mlangoni alikaa Fisi, aliyejitolea kuwa mhasibu kwa vile, alisema, hapendi kuona chakula kinazagaa. Kasuku alibeba habari kijiji kwa kijiji, na kila alipotua alitaja wawili: Kinyonga mkubwa, Kinyonga mdogo. Majina mengine alisema ni marefu mno kuyakariri.

Alfajiri, baada ya dansi, Fisi aligawa. Fungu la kwanza la Kinyonga mkubwa. Fungu la pili la Kinyonga mdogo. Fungu la tatu la vyombo. Fungu la nne, lililokuwa kubwa kuliko yote, alilisukuma pembeni.

"Hilo la nani?" aliuliza Kobe.

"La jina," alisema Fisi.

"Jina lina tumbo?"

"Bila jina angekuja nani kukusikiliza, mzee wangu?" Fisi alisema kwa heshima zote. "Jina ni Simba. Simba naye lazima ale."

Fungu la tano lilikuwa la wenzao. Lilikuwa moja, na wenzao walikuwa watatu. Kobe, Kigong'ota na Nyenje wakaligawana kimya, na fungu la jina likabebwa kupelekwa nyumbani kwa vinyonga.

Msomaji asihangaike kukisia ninakokwenda. Wilson na George Kinyonga walikuwa watu, ndugu, na muziki wao ulianzia Tanga, katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 waliunda Arusha Jazz, mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya, na huko bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba wa Nyika. Nairobi iliwapokea kama Lukole ya hekaya yangu ilivyowapokea vinyonga. Walikuwa wageni wenye vipaji, Kiswahili chao kilikuwa kitamu, nyimbo zao ndefu zilizovutwa taratibu zilimfaa mtu aliyechoka na kazi za wiki nzima. Nawapenda wanamuziki hawa na siwaandikii kuwacheka. Kuondoka kwenu mkiwa na gitaa tu, mkafika ugenini mkajenga jina linalojulikana Afrika Mashariki nzima, hiyo ni kazi ya simba kweli.

Hata hivyo mwaka 1978, jina likiwa juu, bendi ilipasuka, na ninachokitazama mimi ni nani walioondoka. Waliondoka mpiga rithim Omari Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa. Mpiga besi Tom Malanga. Na mpiga drams Rashid Juma. Yaani rithim, besi na ngoma. Mdundo mzima ulitoka kwa mlango mmoja.

Turudi Lukole.

Habari za bendi zilimfikia simba wa kweli, mzee mmoja aliyeishi ndani kabisa ya Burigi. Aliambiwa kuna simba wanaopiga muziki, naye hakuwa na ndugu waliobaki, akaenda kuwaona. Alilipa kiingilio mlangoni kama wengine. Fisi aliuacha mkono wa mzee hewani kwa muda kabla ya kukipokea. Mzee akakaa mbele. Ukumbi wote ulinyamaza, vinyonga wakageuka rangi ya udongo, kisha rangi ya majani, kisha hawakujua wageuke rangi gani. Ni Nyenje aliyeendelea kupiga, kwa kuwa hakuwa amenyanyua kichwa kuona aliyeingia. Kobe akamfuata. Kigong'ota akawafuata. Wimbo ukasimama tena.

Mzee alisikiliza macho yamefumbwa mpaka chemko, kilele cha wimbo, ilipoisha. Kisha akamwita Kinyonga mkubwa.

"Nimefurahi," alisema. "Jina mmelichukua bila kuniuliza, lakini limekaa pazuri. Nataka kumtunza yule aliyekuwa akipiga chini chini. Yule asiyeacha. Anaitwa nani?"

Kinyonga mkubwa akamtazama mdogo wake. Mdogo akamtazama Fisi. Fisi akafungua daftari lake, akapitisha kidole ukurasa mzima, akasema, "Hapa ameandikwa na wenzao."

Hekaya hii nimeiweka Lukole kwa makusudi. Kwenye foleni ya posho mtu alikuwa namba ya kadi na ukubwa wa familia: mahindi kiasi hiki, maharage kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. Hesabu ile ilikuwa na lengo jema, iliwafikishia watu chakula. Lakini waliolima, walioshona, walioponya, waliofundisha watoto chini ya turubai, wote waliingia katika jumla moja, na leo ukipita Kasulo, hapo hapo Ngara, ukauliza, utaambiwa palikuwa na wakimbizi. Nani hasa, hutajiwa. Ndivyo tunavyosimulia bendi zetu pia. Tunakumbuka mwimbaji na mpiga solo, na waliobaki tunawajumlisha.

Usiku ule Nyenje alisikia alivyoulizwa jina lake na lisipatikane. Hakusema neno. Alimaliza dansi, akapokea theluthi ya fungu la tano, akaenda kukaa na wenzake kwenye msingi wa nyumba iliyobomoka.

"Mimi sitaki fungu kubwa," alisema. "Nataka siku moja niitwe."

"Mimi nataka fungu," alisema Kigong'ota. "Nina makinda."

Kobe alikaa muda mrefu. Akasema, "Mimi naondoka Jumatatu, kwa sababu nikiondoka Jumamosi sitafika."

Akaondoka Jumatatu kweli. Jumanne kila mnyama wa Lukole alimwona njiani, besi imefungwa mgongoni. Jumatano vinyonga wenyewe walimpita.

"Habari za safari, Mzee Kobe?"

"Njema."

"Unakwenda wapi?"

"Ninakwenda."

Wakamtakia heri wakapita. Alhamisi alikuwa bado anaonekana kutoka uwanjani, doa dogo kwenye barabara nyeupe, na hakuna aliyetuma mtoto kumfuata. Walikuwa na siku tano nzima za kumwambia neno moja. Kati ya mambo yote ya hekaya hii, hilo ndilo linaloniuma. Wanaosimulia bendi zilizovunjika hupenda kusema zilivunjika ghafla, usiku mmoja, kwa ugomvi wa mwanamke au wa pesa. Mimi nimekaa karibu na bendi za kutosha kuamini kwamba mara nyingi mtu huanza kuondoka mapema, tena polepole, mbele ya macho ya wenzake, na wenzake humsalimia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Vinyonga walipanda jukwaani, wakakuta mapipa matatu na viti vitupu. Mkubwa alijikaza, akaanza solo aliyoipiga mara nyingi hata akawa anaipiga usingizini. Ilikuwa nzuri vilevile. Kila noti ilikuwa mahali pake. Tohe waliinua mguu wa kwanza, wakabaki wameuinua, wakitazamana, maana hawakujua waushushe lini. Kiboko mmoja alijaribu kupiga makofi kusaidia, akakosea, akaacha. Mdogo akaimba kwa nguvu zaidi. Baada ya wimbo wa pili viboko walianza kuteremka kurudi mtoni.

Kule upande wa Kasulo, karibu na soko, wale watatu walimpata Chiriku wa kuwaimbia, wakaanza upya. Walijiita Wana wa Lukole. Nyenje aliandikwa juu ya turubai kwa herufi sawa na za wengine, na wanasema alikwenda kulisoma usiku peke yake kwa mwanga wa vimulimuli. Wimbo wao wa kwanza uliwapita wao wenyewe kwa umaarufu. Mpaka ng'ambo ya Ruvubu watoto waliuimba. Fisi alisikia kiingilio kinakusanywa, akahama na daftari lake.

Wanyama waliokuwa wamesikitika walifurahi. Sasa kulikuwa na bendi mbili. Lakini jina likishakatwa mara moja, kisu hakikai alani. Chiriku aliona kwamba sauti yake ndiyo inayoimbwa njiani, akauliza kwa nini sauti ilipwe sawa na pipa. Akatoka na jina, akaunda Lukole Kuu. Aliyefuata akaunda Nyota wa Lukole. Baadaye kulikuwa na Lukole Asilia, iliyoundwa na ngedere watatu ambao hawakuwahi kupiga na yeyote kati yao. Katika kila moja, Fisi alitenga fungu la jina.

Hata hilo sikulitunga peke yangu. Omari Shabani, Tom Malanga na Rashid Juma, pamoja na Mtanzania mwenzao John Ngereza, waliunda Les Wanyika mwishoni mwa 1978, na "Sina Makosa" ikawatoa. Ni wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye harusi Mombasa, Mwanza au Bukoba, wazee na vijana huinuka pamoja. Issa Juma, aliyekuwa miongoni mwa waimbaji wa Les Wanyika, naye alijitenga akaunda Super Wanyika. Neno lile la nyika likazaa majina mengi kiasi kwamba muuza santuri alihitaji kumuuliza mteja: Wanyika ipi? Na Dar es Salaam hali ilikuwa hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake akawavuta vigogo wa bendi ya Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar wakiwamo, akaunda bendi mpya. Mwenye vyombo vipya aliita, na wanamuziki waliokuwa wakipigia vyombo vya wenyewe wakaitika. Siwezi kuwalaumu. Mtu asiyemiliki gitaa, wala jina, wala wimbo alioutunga, ana miguu yake tu.

Wala si kwetu peke yetu. The Beatles wa Liverpool walivunjika rasmi mwaka 1970, na dunia ikazama katika hadithi ya John Lennon na Paul McCartney, kwa kuwa ndio waliokuwa wakiandikwa chini ya nyimbo. Lakini miaka miwili kabla, Agosti 1968, wa kwanza kunyanyuka katikati ya kurekodi akaondoka alikuwa Ringo Starr, mpiga drams. Alijiona mtu wa nje katika bendi yake mwenyewe. Wenzake walimfuata, wakamwomba arudi, na aliporudi alikuta drams zake zimepambwa kwa maua. Maua yale yaliwanunulia muda. Kobe wangu hakuletewa hata kuti.

Vinyonga hawakufa njaa. Walipata wapigaji wengine, wakatunga nyimbo nyingine, na baadhi yake ni nzuri kama zile za mwanzo. Simba wa Nyika nao waliendelea, wakarekodi, wakajaza kumbi, mpaka George alipofariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Jina likazikwa nao. Walioondoka walikuwa na haki, na walioachwa walikuwa na kipaji; nyimbo za pande zote mbili ninazo nyumbani na sijawahi kuchagua upande. Lakini ninaamini bendi ile ingeweza kuishi nzima muda mrefu zaidi, kwa gharama ndogo sana. Ingetosha daftari la Fisi liwe na mistari mitano badala ya mitatu, na Kinyonga mkubwa awe amejua la kumjibu yule mzee wa Burigi.

Kwa hiyo nina ombi kwa watangazaji wetu, kuanzia Ngara hadi Lamu, na kwa yeyote anayesimamia muziki kwenye sherehe. Ukiiweka "Sina Makosa", usiseme tu kwamba huo ni wimbo wa zamani wa Les Wanyika ukaendelea na salamu. Gitaa lile la rithim lisilokoma ni la Omari Shabani. Besi ni Tom Malanga. Drams ni Rashid Juma. Wataje wote watatu, kwa majina yao, kabla watu hawajaanza kucheza.